Mfereji wa Mwisho

Chumba cha kazi cha Fundi Meno kilikuwa nyuma ya zahanati, dirisha moja, taa mbili, na rafu zilizojaa vinywa. Vinywa vya plasta, taya za juu na za chini, vingine vina meno saba, vingine mawili, vingine ufizi mtupu. Chini ya kila kimoja kulikuwa na jina la mwenyewe kwa penseli, na baadhi ya wenyewe walikuwa wameshazikwa. Hakuvitupa. Alikuwa na maradhi ya kutotupa kitu, na kwa maradhi hayo watu wa sokoni walimpa jina jingine: Santuri.

Maana ukiacha meno, mtu huyu alikuwa na wazimu mmoja tu, na ulimtosha. Alikusanya santuri za panki, muziki wa kelele na hasira. Zile ndogo, wimbo mmoja kila upande, zilizorekodiwa na vijana waliojua mipigo mitatu ya gitaa na matusi thelathini. Zilichapwa mia mbili, mia tatu, kisha bendi ikasambaratika kabla gundi ya majalada haijakauka. Alizitafuta kwenye mafurushi ya vitu vikuukuu, kwa wajane waliokuwa wakisafisha ghala, kwa watu wa mbali aliowaandikia barua ndefu zenye adabu kuliko muziki wenyewe. Na alitaka chapa ya kwanza tu. Ukimletea iliyochapwa upya, hata iwe inang'aa, alikurudishia kwa ncha za vidole.

"Mtu anakula kwa meno ya bandia," mkewe, Mama Pacha, alipenda kusema, "halafu santuri ya bandia haimpiti mlangoni."

Kuitambua ya kwanza hakutegemei jalada. Jalada linaigwa, lebo inaigwa, na muuzaji ndiye usiseme. Fundi Meno alivaa kichwani lenzi yake ya kazi, ileile ya kukagulia kingo za jino, akailaza santuri chini ya taa na kuinamia ule utepe mtupu ulio kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Hapo ndipo fundi aliyekata santuri huchora namba kwa mkono, kwa ncha kali, na pengine maneno mawili matatu ya utani. Akichapa mtu mwingine, mkono unakuwa mwingine. Fundi Meno aliijua mikono hiyo vizuri kuliko sura za majirani zake.

Alikuwa nazo mia nne na kitu. Aliyoitaka hakuwa nayo, na ilikuwa ya nyumbani kwao.

Dada yake, mkubwa kwake kwa miaka minane, aliimba kwenye bendi iliyoitwa Misumari. Fundi Meno alikuwa na miaka kumi na mmoja siku dada alipoingia sebuleni na santuri mbichi kwapani, nywele zimesimama kwa sabuni ya kipande, uso unacheka. Aliiweka kwenye gramafoni ya marehemu baba. Wimbo uliitwa "Sirudi", na neno hilo alilipiga kelele tangu mwanzo, sirudi, sirudi, mpaka glasi za kabatini zikalia. Mama alisikiliza nusu. Kisha akaenda, akaunyanyua mkono wa sindano kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa unywele kwenye maziwa.

"Kama hurudi," mama akasema, "basi usirudi."

Dada alitaka kusema kitu. Fundi Meno aliukumbuka mdomo wake ulivyofunguka, na jinsi alivyokuwa bado anatabasamu, kana kwamba kuna jambo mama hajalifikia. Hakulisema. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Alitoka, akaacha mlango wazi, akapanda gari dogo la bendi lililokuwa linamngoja nje. Gari hilo halikufika lilikokuwa linakwenda.

Hayo yalikuwa yamepita miaka arobaini na minne. Mama sasa aliitwa Bibi na wote nyumbani, tangu Mama Pacha alipojifungua, na hata baada ya mapacha kuoa na kuhama jina lilibaki. Alikuwa na themanini na ushei, macho mazima, miguu ya kusuasua, na ufizi usio na jino hata moja. Mwanawe alimtengenezea meno mazuri, kazi ambayo angeweza kuionyesha popote. Bibi aliyatia kwenye kikombe cha maji na kuyavaa siku za wageni tu. "Kwa watu wa nyumbani nijisumbue nini," alisema. "Nyinyi mmenizoea hivihivi."

Mambo mawili ya Bibi hayakuwa na maelezo. La kwanza ni mlango wa mbele. Tangu ule msiba haukufungwa mchana wala jioni, mpaka yeye mwenyewe alale. Vumbi liliingia, paka waliingia, mwizi aliingia mara mbili. Mama Pacha alikuwa amegombana naye kuhusu mlango huo mpaka akachoka, akanunua zulia la rangi ya vumbi.

La pili lilikuwa gumu kulizoea. Kila ifikapo saa kumi na moja, Bibi, akiwa kwenye kiti chake kilichoelekea mlango, alisema, "Karibu." Hakusema kwa kubabaika kama wazee wanaoota mchana. Alisema kwa sauti ya mwenye nyumba, akangoja kidogo, akaendelea na ushonaji wake. Mlangoni hapakuwa na mtu, na kiti cha pembeni, ambacho hakuna aliyependa kukikalia, kilikuwa kitupu. Wageni waliokuwepo saa hiyo waligeuka kutazama, na wengi wao hawakukaa sana baada ya hapo.

"Unamkaribisha nani, Mama?" Fundi Meno alimuuliza mara moja, zamani.

"Anayebisha," Bibi akajibu, akakata uzi.

Misumari walichapa santuri mia tatu. Sanduku lililobaki lilipotea mara tu baada ya mazishi, na zilizokwisha kutoka zilikwenda zilikokwenda. Miaka kumi na mbili iliyopita washabiki fulani wa nchi za mbali walipata mkanda wa zamani wa ule wimbo, wakaichapa santuri upya. Fundi Meno alipata moja kwa posta. Aliisikiliza mara moja, peke yake, akalia mpaka kamasi, kisha akaitundika ukutani kazini kwake. Kuichanganya na za kwanza hakuweza, na kuitupa ndiyo kabisa. Wimbo uliisha ghafla, sindano ikateleza kwenye kimya. Kila alipoutazama ukuta aliuona ule mdomo wa dada uliofunguka bila kusema, na moyo ulimwambia kuwa kuna kitu kimekatwa. Kukijua ndiyo shida yake yote iliyobaki duniani. Na mama alikuwa anazeeka.

Siku moja asubuhi mhudumu wa mapokezi, msichana mcheshi aliyemwita kila mtu "mpenzi" isipokuwa daktari, alimwingizia mzee mmoja aliyevunja meno yake ya bandia vipande viwili. Mzee alikuwa fundi wa mafriji, mfupi, mikono minene, na alikaa kwenye stuli huku vidole vyake vikipiga magoti yake bila kupumzika. Fundi Meno alikuwa anaunganisha vipande kwa nta. Aliponyanyua macho alimkuta mzee ameganda, anautazama ukuta.

"Ile umeipata wapi?" mzee akauliza, kwa mdomo usio na meno.

"Ni ya dada yangu. Aliyeimba."

Mzee akamgeukia. "Wewe ndiye yule mdogo," akasema. "Ulikuwa unakaa juu ya kasha la ngoma yangu. Nilikuwa nakufukuza."

Alikuwa mpiga ngoma wa Misumari, wa mwisho aliyebaki hai. Siku ile ya safari alikuwa na homa, hakupanda gari. Kwa miaka yote hiyo alikaa mitaa minne kutoka zahanati na kutengeneza mafriji ya watu, na Fundi Meno alikuwa ameandika barua mpaka ng'ambo kumtafuta mtu kama yeye.

"Hiyo si yenyewe," mzee akasema, akiuonyesha ukuta kwa kidevu. "Yenyewe haiishi."

"Haiishi vipi?"

Mzee akalamba midomo. Alieleza kwa vipande, kwa kinywa kile kitupu, na Fundi Meno ilimbidi asogee karibu. Fundi aliyewakatia santuri aliwaambia kuwa mfereji wa mwisho, ule mstari sindano inaoufuata karibu na lebo, badala ya kuachwa mtupu, unaweza kufungwa ukawa duara. Sindano ikiingia humo haitoki. Inazunguka papo hapo, inarudia sauti ile ile, mpaka mtu ainuke akaiondoe. Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa ameshaimba "Sirudi" kwa nguvu zake zote, koo limekauka. Akasimama tena mbele ya maikrofoni, akasema neno moja, polepole, kwa adabu, kama mtoto aliyefunzwa.

"Alisema hodi," mzee akasema. "Ulikuwa utani. Mtu aliyeapa kuwa harudi, ukimaliza kumsikiliza unamkuta mlangoni. Alisema mama atacheka."

Fundi Meno aliiweka nta mezani. 

"Wiki moja baada ya kuwazika, mama yenu alinijia," mzee akaendelea. "Alikuwa ameisikiliza hadi mwisho. Peke yake ndani. Akaniuliza, anayebisha pale ni yeye mwenyewe, au mmetengeneza? Nikamwambia, ni yeye, Mama. Akaniuliza, nimwitikie? Nilikuwa kijana, nilijua nini mimi? Nikamwambia, Mama, aliyekufa haitikiwi. Akachukua sanduku lote akaondoka nalo. Nilisikia alilichoma."

"Na wewe hukubaki hata na moja?"

"Ninayo. Sijaipiga tangu mwaka ule. Mke wangu marehemu aliisikia mara moja akaenda kufungua mlango. Akasimama pale muda. Aliporudi aliniambia niifungie mbali." Vidole vyake viliacha kupiga magoti. "Nitakuletea. Sitaki kitu. Nitengenezee meno yangu tu, na ikishaingia kwako usije ukanirudishia."

Aliileta kesho yake mchana, imefungwa kwa magazeti mawili, akaondoka bila hata kuyajaribu meno yake vizuri. Fundi Meno alifunga mlango wa chumba. Jalada lilikuwa la karatasi iliyokunjwa kwa mkono, limegundishwa upogoupogo, alama ya kidole cha mtu imebaki kwenye gundi. Akavaa lenzi. Mwandiko ulikuwa wenyewe, herufi ndefu za yule fundi wa zamani, namba, na baada ya namba maneno mawili: MNGOJE MWISHO. Alipouinamia mfereji wa mwisho aliuona ulivyojifunga, duara kamili, limejipinda kwa sauti moja fupi iliyolala humo tangu yeye akiwa na miaka kumi na mmoja.

Alikuwa na gramafoni ndogo kazini. Alipiga moyo konde, akateremsha sindano, sauti chini.

Wimbo alioujua ulipita. Gitaa likafa, ngoma zikafa. Sindano ikateleza, ikaingia.

"Hodi," dada akasema.

Ilikuwa sauti ya karibu mno. Unazisikia pumzi kabla ya neno. Duara likazunguka. Hodi. Likazunguka tena. Hodi. Vinywa vya plasta vilikuwa vimejaa rafuni, vyote wazi, na Fundi Meno alijikuta anavitazama. Alitaka kuitikia. Akaona haya, kama mtu anayetaka kujibu swali aliloulizwa mwenziwe. Hakuwa anaitwa yeye.

Mlango ukasukumwa. Mhudumu wa mapokezi aliingiza kichwa. "Kwani humsikii mtu anabisha? Karibu mpenzi, pita," akaita, akigeukia ukumbini. Ukumbini palikuwa na viti vitupu na feni. Akageuka tena. "Yuko wapi?"

"Hodi," sauti ikasema, nyuma ya Fundi Meno.

Msichana aliitazama gramafoni, akamtazama yeye, kicheko kikamtoka nusu na kuishia hapo. "Nimekukaribisha, dada," akasema, safari hii kwa sauti ndogo. Sauti haikumjali. Hodi. Hodi. Fundi Meno akaunyanyua mkono wa sindano, na alipouona mkono wake ulivyoushika kwa vidole viwili akaogopa, maana ndivyo mama alivyoushika.

Jioni ile aliifunga santuri kwenye magazeti yake, akaenda nayo nyumbani kwa miguu. Njia nzima alijadiliana na nafsi yake. Angeweza kuificha. Angeweza kuitia kwenye rafu pamoja na nyingine, awe na chapa ya kwanza ya Misumari, jambo ambalo hakuna mkusanyaji mwingine duniani angeweza kulisema, na mama akafa akiendelea kuukaribisha mlango mtupu. Na kama angeipiga na moyo wa mzee wa themanini ukasimama, angemwambia nani nini? Aliyapima hayo mpaka akafika kwao bila ya kuwa ameamua.

Mama Pacha alimngoja kwenye ngazi, mikono kiunoni. "Njoo umwone mama yako," akasema kwa kunong'ona. "Tangu mchana amevaa meno."

"Kuna mgeni?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Nimemwambia hatuna mgeni, akaniambia nifagie."

Mlango ulikuwa wazi kama siku zote. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, amefunga kilemba kisafi, ushonaji umewekwa kando. Meno yalimbadilisha uso, yakampa ule ukali wa miaka ya nyuma, na kwa kitambo Fundi Meno alikuwa tena na miaka kumi na mmoja.  Bibi aliyatazama magazeti yaliyo kwapani mwake.

"Umeileta," akasema.

"Mama, nani kakwambia?"

"Iweke. Safari ile sikumngoja amalize." Akameza mate. "Na aliponiita mwenyewe, nikaogopa kumwitikia. Nimekaa humu ndani miaka yote namwitikia, na hasikii. Iweke, baba."

Mama Pacha alimshika mumewe mkono. "Mwache apumzike," akamwambia. "Ni mzee huyu. Utamuua." Fundi Meno alitaka kumsikiliza. Lakini mama yake alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyevaa tayari na anangoja usafiri, na akajua kuwa kuikataa ingekuwa ukatili zaidi. Akaenda kwenye gramafoni ya baba. Saa ya ukutani ilikaribia kumi na moja. Akateremsha sindano.

Glasi za kabatini zikalia kama zamani. Sirudi, dada akapiga kelele, sirudi, na Bibi akafumba macho, hakuinuka. Wimbo ulipofika mahali alipoukata siku ile, kidole chake kimoja kilinyanyuka gotini, kikarudi. Gitaa likafa. Ngoma zikafa. Sindano ikaingia kwenye duara.

"Hodi."

Mama Pacha akageukia mlango. Kila mtu angegeuka. Nje jua lilikuwa limelala kwenye ngazi, na hapakuwa na mtu.

"Hodi."

Midomo ya Bibi ilitikisika bila sauti. Aliyekuwa akiitikia kila jioni bila kukosa sasa hakulipata neno. Hodi, sauti ikasema, na Fundi Meno, aliyeisikia mara nyingi mchana ule, alijua ilikuwa ile ile, isiyoweza kubadilika kwa kuwa imekatwa hivyo. Lakini alisikia kuchoka ndani yake. Machozi yalikuwa yanamtoka mama yake na kuingia kwenye pembe za mdomo, juu ya yale meno.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu," Bibi akasema. "Karibu nyumbani. Pita ndani."

Santuri ikazunguka. Sindano ilikuwa humo humo, haikuruka, haikuteleza. Fundi Meno aliinama akaiona kwa macho yake ilivyolala kwenye duara. Ikazunguka mara ya pili, na ya tatu, na ya kumi. Kulikuwa na mchakacho mdogo wa vumbi tu; hodi haikuja tena. Alingoja mpaka mgongo ukamuuma. Baadaye, siku nyingi, angeiweka chini ya lenzi na kuukuta mfereji mzima, umejipinda vilevile, na angeupiga tena na tena asisikie kitu. Saa ile hakufikiri lenzi. Alihisi baridi shingoni, ya upepo wa kitu kinachopita, na zulia la rangi ya vumbi lilijikunja kidogo kwenye ukingo wake.

"Funga mlango," Bibi akasema.

Hakuna aliyejongea. Mama Pacha, aliyeupigania mlango ule tangu alipoolewa, alikuwa wa kwanza kutikisa kichwa. "Bado ni jioni, Bibi. Hujalala."

"Ufungeni. Vumbi linaingia."

Fundi Meno akaenda, akausukuma, akasikia komeo likiingia mahali pake. Chumba kikawa na giza la mchana ambalo hakuwa amewahi kuliona humo. Alipogeuka, Bibi alikuwa anakitazama kiti cha pembeni, kile ambacho hakuna mtu aliyependa kukikalia, na uso wake ulikuwa umelegea. Akatia vidole kinywani, akavua meno yake, ya juu kisha ya chini, akayadumbukiza kwenye kikombe cha maji, kama alivyofanya siku zote wakiwa watu wa nyumbani peke yao.